"Shida si printa, shida ni mama": yule fundi leo amenivua nguo mbele ya wateja

Mama Saiba, Kondele

Nimefunga saiba yangu, hiki kiduka cha intaneti na kuchapisha, sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Nyote mnamjua. Yule wa mkoba mweusi mgongoni, anayezunguka hapa Kisumu kutoka Kibuye hadi huku Kondele akijiita injinia. Simtaji jina, hata kivuli chake mnakijua.

Mnajua leo kasemaje? Saiba imejaa hadi mlangoni, watu wanataka kujaziwa ritani zao za ushuru za KRA kwa sababu mwisho ni tarehe 30 Juni. Kuna mzee wa watu kasimama hapo na bakora yake. Huyo kijana anageuka, anatangaza kwa sauti ya kusikika Busia: "Shida si printa. Shida ni mama."

Shida ni mama!

Printa yenyewe ni hivi. Stima ikipotea, na Kondele hii stima hupotea hata wingu likipiga chafya, ikirudi printa inawaka vizuri, taa ya kijani, waifai iko. Ila kompyuta inaandika oflaini. Kazi za wateja zinalundikana kwenye foleni, hakuna kinachotoka. Yeye huja, anaifuta printa kwenye kompyuta, anaiweka upya, inachapisha, anachukua pesa, anaenda. Stima ikipotea tena tunarudi palepale. Leo nikamuuliza kwa adabu kabisa, "Fundi, mbona haitengenezeki ikakaa?" Hapo ndipo aliponijibu vile. Shida ni mama. Mimi! Niliyejazia watoto wa mtaa huu fomu za mkopo wa masomo wa HELB kabla yeye hajaota ndevu!

Na yule mzee akakohoa. Mnajua kile kikohozi cha wazee. Mteja mwingine akacheka, akachukua flashi yake akahamia kwa jirani. Kisha injinia ananyoosha simu nimtumie pesa yake. Baada ya kunitukana!

Mtoto wa Nyalenda

Huyo! Ofisini kwetu alibadilisha neno la siri la waifai akaondoka nalo kichwani. Ukimpigia simu, yuko mteja. Tulishinda kwa bando zetu wenyewe.

Kijana wa Bandani

Mama, kichwa cha uzi kilinishtua. Nilikuwa natafuta namba ya polisi.

Nyar Dunga

Bandani acha utani na mama wa watu. Mama, huyo amekugeuza shamba lake. Ruta hugawa yenyewe anwani za IP, zile namba ambazo vifaa hutumia kutafutana kwenye mtandao, kwa mfumo uitwao DHCP. Stima ikirudi, printa inaweza kupewa anwani nyingine, na kompyuta bado inabisha hodi kwenye ile ya zamani. Ingia kwenye ruta, tafuta anwani ya MAC ya printa, ile namba yake ya kiwandani, uitengee anwani moja isiyobadilika. Kisha kwenye kompyuta weka poti ya TCP/IP yenye anwani hiyohiyo, uachane na ile ya WSD ambayo Windows hujiwekea yenyewe. Ikiwa bado inaandika oflaini na ukiipiga pingi, yaani kuiita kwenye mtandao, inajibu, fungua mipangilio ya poti uondoe alama kwenye SNMP, ile njia ya kompyuta kuulizia hali ya printa. Fundi wa kweli hufanya hivyo siku ya kwanza.

Mama Saiba, Kondele

Asante binti yangu, Mungu akuzidishie. Sasa yeye kusema hivyo ulimi ungekatika? Hapana. SHIDA NI MAMA. Mbele ya wateja!

Mkazi wa Nakuru

Nyinyi mna nafuu. Huku Nakuru kuna mmoja alinijazia tona, ule wino wa unga, tangu siku hiyo kila karatasi ina mstari mweusi kutoka juu hadi chini. Tumepeleka barua ya mahari na mstari mweusi! Wajomba waliigeuzageuza wakauliza nani amefariki.

Mwalimu wa Bungoma

Mstari si kitu. Yetu huvuta karatasi mbilimbili. Mtihani ulitoka ukurasa mmoja una maswali, mwingine mweupe. Kuna mtoto alijibu ule mweupe.

Kijana wa Bandani

Nakuru, mstari wa wima hivyo mara nyingi ni dramu, ile silinda inayopeleka wino kwenye karatasi, imekwaruzwa. Usilaumu tona.

Mkazi wa Nakuru

Dramu ni mpya! Ulikuwepo ikinunuliwa?

Kijana wa Bandani

Mpya ya wapi? Ya kwenye boksi au ya kupanguswa?

Mama Saiba, Kondele

Jameni uzi ni wangu. Mzee wa watu AMEKOHOA.

Mkazi wa Nakuru

Pole sana mama, subiri kidogo tumalize hii dramu. Bandani, huko Kisumu mnaipata kwa bei gani?

Kijana wa Bandani

Inategemea modeli. Piga picha ya kibandiko cha nyuma uweke hapa.

Mwalimu wa Bungoma

Na mimi niweke yangu?