Kasi ya seli katika uga wa umeme unaozunguka: stopwachi, video au programu?

Mwanabaiolojia_Moro:
Wanajukwaa, habari za kazi. Tunatumia elektrodi nne zinazopokea mawimbi yanayopishana kwa digrii 90, hivyo uga wa umeme huzunguka, na seli za hamira zilizo katikati nazo huzunguka, ingawa polepole mno kuliko uga wenyewe. Nataka kupata masafa (idadi ya mizunguko ya uga kwa sekunde) ambayo kasi ya seli hufikia kilele, ili nikadirie kapasitansi ya utando, yaani uwezo wa utando wa seli kuhifadhi chaji. Je, kwa maabara isiyo na kamera ya kasi, nihesabu kwa jicho na stopwachi, nirekodi video na kuhesabu fremu, au niiachie programu?

Hadubini40:
Ndugu, kwa lengo hilo stopwachi inatosha, mradi seli isizidi takriban mzunguko mmoja kwa sekunde. Kilele hupatikana kwa kulinganisha kasi za seli ileile, kwa hiyo kosa linalolingana katika masafa yote halikisogezi. Usipime mzunguko mmoja mmoja. Seli ikizunguka mara moja kwa sekunde 2, na kidole kikikosea jumla ya sekunde 0.3, kosa ni asilimia 15; ukihesabu mizunguko 10, kosa hilohilo linagawanywa kwa sekunde 20 na kubaki asilimia 1.5. Chagua seli yenye chipukizi moja (seli changa inayochomoza ubavuni), na chipukizi linapopita alama yako mara ya kwanza sema “sifuri”. Anayeanza na “moja” huwa amepima mizunguko 9 akidhani ni 10, na kasi yake huzidi kwa asilimia 11 kila mara, hata akirudia siku nzima.

Bi_Fizikia:
Nakubaliana na hesabu hiyo, lakini mimi ningerekodi video hata kama nitahesabu kwa mkono, kwa sababu mtu wa pili anaweza kuhesabu upya bila kujua ni masafa gani yaliyotumika. Tahadhari yangu ni moja, nayo ni nzito. Seli inayozunguka mara 20 kwa sekunde, ikirekodiwa kwa fremu 30 kwa sekunde, itaonekana ikirudi nyuma mara 10. Katika kazi hii mwelekeo ni sehemu ya matokeo: kwenye kimiminika kisichopitisha umeme sana, seli hai huzunguka kinyume cha uga katika masafa ya chini, na kuufuata katika masafa ya juu. Ukiona shaka, punguza volti iwe nusu; kasi hutegemea mraba wa nguvu ya uga, hivyo inapaswa kushuka hadi robo. Isiposhuka hivyo, kamera inakudanganya.

Msimbo_Nairobi:
Programu hufaa pale seli zinapokuwa nyingi. Hata hivyo seli ya mviringo isiyo na alama huipoteza, na yenye machipukizi mawili yanayotazamana huhesabiwa mzunguko mzima kwa kila nusu. Kabla ya kuiamini, ilinganishe na video ulizohesabu mwenyewe, hasa zile za karibu na masafa ambapo seli hugeuza mwelekeo.

Hadubini40:
Naongeza jambo ambalo hakuna kati ya njia hizo linaloliponya. Umeme hupasha kimiminika joto, na mnato wa maji (ukinzani wake dhidi ya mwendo) hupungua kwa takriban asilimia 2 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Pia seli huzama hadi kwenye kioo na kukwama kidogo. Kila baada ya vipimo vichache rudi kwenye masafa yaleyale ya marejeo. Kasi ikiwa imebadilika, data za katikati zina walakini.

Bi_Fizikia:
Kama mna jenereta mbili za mawimbi, kuna njia isiyohitaji kupima kasi kabisa. Elekezeni nyuga mbili zenye nguvu sawa zizunguke kwa pande zinazopingana, masafa ya mmoja yakiwa, kwa mfano, mara nne ya mwingine, kisha pandisheni yote mawili pamoja mpaka seli isimame. Kilele kiko kwenye kipeuo cha pili cha zao la masafa hayo mawili.

Mwanabaiolojia_Moro:
Nashukuru sana, Bi. Jenereta tunayo moja tu, kwa hiyo nitarekodi video kwa volti ndogo, tuhesabu watu wawili mizunguko 10 kila mmoja, na marejeo yetu yatakuwa kilohezi 50.