Stratocaster ya mfano wa 1962: ya 1984 au ya 2018?

Nyuzi Sita, Tudor
Hamjambo wenzangu. Kwa miaka minne nimepiga gitaa la kuazima katika bendi ya hoteli huko Nyali, na sasa nimejaaliwa fedha za kununua langu mwenyewe. Nimeonyeshwa Stratocaster mbili, yale magitaa ya umeme ya kampuni ya Fender. Moja ni ya mfano wa 1962, na mwenyewe anaapa kwamba ilitoka kiwanda cha Fullerton, California, mwaka 1984. Nyingine ni ya toleo la American Original la 2018, ya mtindo wa miaka ya 1960. Ya kwanza inakaribia kuizidi ya pili bei mara mbili. Je, inastahili?

Fundi wa Majengo
Ndugu, usichanganye mwaka wa mfano na mwaka wa kutengenezwa. Fender walianza kutoa marudio haya ya mifano ya zamani mwaka 1982. Mwaka 1985 CBS, waliokuwa wamiliki, waliiuza kampuni kwa kundi lililoongozwa na William Schultz, lakini kiwanda cha Fullerton hakikuwemo katika mauzo hayo, kwa hiyo kazi ikahamia mji wa Corona, California. Ndiyo sababu za Fullerton ni chache na wakusanyaji wanazigombea, wala si kwamba kila moja inalia vizuri kuliko za baadaye. Nimewahi kuzishika zilizo nzito kama gogo. Namba inayoanza na V kwenye bamba la nyuma haikutajii mwaka. Tarehe itafute kwenye kisigino cha shingo, yaani ncha yake inayoungana na mwili wa gitaa, ambacho hukioni mpaka ufungue skrubu nne.

Mpiga Chakacha
Mimi ningeangalia uso wa shingo kabla ya tarehe. Ule wa mfano wa 1962 una mviringo wa nusukipenyo cha inchi 7.25, ilhali wa American Original ni inchi 9.5, yaani umelala zaidi. Kwa kucharaza midundo huku umeshika nyuzi zote, ule wa kwanza unakaa mkononi kama ulichongwa kwa ajili yako. Lakini ukiusukuma uzi mwembamba kuupandisha sauti, na nyuzi zimeteremshwa chini sana, sauti inakatika ghafla. Kaka, hotelini unapiga solo nyingi?

Mzee wa Likoni
Yote mawili yamepakwa laka ya nitro, ile vanishi nyororo ya kizamani, basi kwa hapa pwani hayana tofauti kubwa. Langu la Corona nililiacha juu ya stendi ya mpira msimu mmoja wa kaskazi, nalo likabaki na alama mbili zilizozama ndani ya rangi. Funga kitambaa cha pamba kwenye stendi, na skrubu za daraja linaloshikilia nyuzi uzipanguse kila usiku, maana chumvi ya bahari haisubiri.

Nyuzi Sita, Tudor
Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Solo ninazo nyingi, Mpiga Chakacha. Jana jioni nilimwomba muuzaji tufungue shingo. Alisita, kisha akaleta bisibisi mwenyewe. Tulimulika kisigino kwa tochi ya simu, na tarehe iliyokuwapo ilisomeka 1988. Sidhani alinidanganya kwa makusudi, kwani alishtuka kuliko mimi. Ameteremsha bei mpaka ikalingana na ile ya 2018, lakini kesho naenda kulipia ile ya inchi 9.5.