Dizi: mtindo wa kaskazini na wa kusini hutofautianaje?

Mwanafunzi wa Dizi:
Ndugu zangu, ninajifunza dizi, filimbi ya mwanzi ya Kichina. Nikiwasikiliza mabingwa wake, wengine hupiga kwa kasi na sauti kali inayorukaruka, na wengine huvuta sauti ndefu na laini. Naambiwa hiyo ni mitindo ya kaskazini na kusini. Je, tofauti hiyo inatokana na filimbi yenyewe au na mpigaji?

Pumzi Ndefu:
Inatokana na vyote viwili, na mizizi yake imo katika opera. Kaskazini, dizi fupi iitwayo bangdi ilisindikiza opera za bangzi, zenye uimbaji wa sauti za juu; kusini, qudi, iliyo ndefu na yenye sauti nzito zaidi, ilisindikiza opera ya kunqu na kushika nafasi kubwa katika vikundi vya muziki wa nyuzi na mianzi vya Shanghai na maeneo jirani.

Hata hivyo, ukimpa mpigaji wa kusini bangdi, bado utamtambua. Kaskazini ulimi ndio wenye kazi kubwa: hukata pumzi mara mbili au tatu mfululizo, hutetemeshwa, huku vidole vikiteleza juu ya matundu ili sauti ipande au ishuke bila kukatika. Msikilize Feng Zicun wa Hebei (1904–1987). Kusini ulimi hutulia na pumzi hutiririka. Mapambo hufanywa na vidole, ambavyo huinuka na kushuka upesi kiasi kwamba noti ya pambo hupita kabla sikio halijaishika. Kwa hilo, Lu Chunling wa Shanghai (1921–2018) ni mfano mzuri mno.

Utando:
Naafiki, ila usisahau ule utando mwembamba wa tete unaobandikwa juu ya tundu lililo kati ya tundu la kupulizia na matundu ya vidole. Ukikazwa mno, mlio hufifia, ukilegea, hukwaruza. Mtindo wowote utaharibika usipoubandika vizuri, ukiwa na mikunjo midogo inayolingana.

Wala hulazimiki kuchagua upande mmoja. Zhao Songting wa Zhejiang (1924–2001) aliunganisha ulimi wa kaskazini na pumzi ya kusini. Kwa maoni yangu, anza na qudi, kwa sababu noti ndefu hufichua mara moja pumzi isiyo thabiti, ilhali kasi huweza kuificha kwa muda mrefu.