Usafi wa kawaida wa vioo vya madirisha Goma: nini kimo, nini kinalipiwa pembeni?

Parsele_Himbi

Jambo yenu. Nyumba ya etaji (ghorofa) moja, mtaa wa Himbi, upande wa ziwa, ya kupangisha. Madirisha 22: kumi na manne ni alumini ya kusukuma, sita ni nako (mabapa ya kioo yaliyopangwa juu kwa juu, yanayolala na kusimama), mawili ni vioo vikubwa visivyofunguka kwenye eskalye, yaani ngazi za nyumba. Ya chini yote yana antivole, vyuma vya kuzuia wezi.

Mafundi watatu wamekuja kuangalia, kila mmoja na bei yake, na wote wanaiita kazi hiyo "usafi wa kawaida". Wa kwanza anahesabu kioo peke yake. Wa pili anasema fremu na reli zimo. Wa tatu anaweka mpaka nyavu za mbu. Nawalinganisha vipi? Tena vioo vya upande wa bustani vina madoa meupe yasiyotoka kwa sabuni, na mmoja wao anataka kuyakwangua kwa wembe. Nimkubalie?

Raklete_Katindo

Ndugu, bei zao huwezi kuzilinganisha kabla hawajahesabu kitu kimoja. Usafi wa kawaida ni huu: kioo ndani na nje, kingo nne zimekaushwa, fremu imepanguswa, kizingiti cha chini hakina mchanga wala maji, na sakafu chini ya dirisha imeachwa kavu. Rangi iliyorukia kioo, gundi ya karatasi, silikone, matone ya simenti na hayo madoa meupe yako ni kazi nyingine, inalipiwa pembeni. Fundi anayekuambia vyote vimo kwa bei ileile ataviruka, ama atavikwangua mbiombio na kukuachia mikwaruzo.

Lakini kwa mji huu ningemuuliza kwanza anaanzaje. Vumbi letu si udongo. Ni lava iliyosagwa na magurudumu ya magari, chembe nyeusi zenye kona, na nyingine ni kioo cha volkano, ugumu wake karibu sawa na kioo cha dirisha lako. Kitambaa kikavu kikipita juu yake kimeshaandika. Mikwaruzo hiyo inatoka kwa duara, kufuata mkono, na huioni mpaka jua la saa kumi liingie kwa ubavu.

Kwa hiyo brashi laini inatangulia, kwenye fremu na antivole, kutoka juu kushuka. Kisha maji matupu, mengi, yateremke juu ya kioo bila kusugua. Hapo ndipo sifongo inaingia. Ndoo ziwe mbili: moja ya sabuni, lita 10 na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo, hakuna zaidi. Sabuni ikizidi inaacha utando, na utando unanasa vumbi kesho yake. Ndoo ya pili ni ya kusuuzia sifongo tu. Tope jeusi likionekana chini yake, maji yanamwagwa hata kama ndoo bado imejaa. Kabla ya raklete (kile kifaa chenye ukingo wa mpira cha kuvutia maji), pitisha kidole kilicholowa kwenye kona ya chini ya kioo. Ukisikia kwaru-kwaru, rudi kwenye maji.

Raklete iwe ya vioo. Wapo wanaokuja na ile ya sakafu, mpira mnene, wanashangaa kwa nini kioo kinabaki na milia. Sm 35 inatosha kwa madirisha ya kusukuma, sm 25 kwa madogo, na kwenye antivole hata ya sm 15 kama nafasi kati ya vyuma ni finyu. Mpira ukiwa na jino dogo lililong'oka unaacha mstari mmoja wa maji tangu juu mpaka chini, na asiyejua ataufuta na kuufuta. Dawa ni kuugeuza mpira, una kingo mbili. Fundi anakausha kwanza ukanda wa sm 2 juu kabisa, anaanzia pale pakavu, anashuka, anapangusa mpira, na mkupuo wa pili unapanda juu ya ule wa kwanza sm 3 hivi. Kioo kinachopigwa na jua aache, sabuni itakauka kabla raklete haijafika. Asubuhi aanze upande wa magharibi.

Alu_Ndosho

Yote kweli, ila umesahau reli, na mimi dirisha la kusukuma ambalo reli yake haijaguswa sihesabu kuwa limesafishwa. Mchanga unaobaki mle unasagwa na vigurudumu vilivyo chini ya fremu, vinaliwa, vinakuwa bapa, mwisho dirisha linasukumwa kwa bega. Kama bei ya fundi wa kwanza ni ndogo, ni kwa sababu ya reli tu, naweza kuapa.

Reli inasafishwa kavu kwanza. Brashi ya rangi kuukuu, ndogo, halafu mdomo mwembamba wa aspirateri (mashine ya kuvuta vumbi) kama umeme upo. Maji yakitangulia, vumbi linageuka tope na linaingia kwenye matundu. Matundu yapi? Chini ya reli, upande wa nje, kuna mawili au matatu ya kutolea maji. Yakiziba, mvua kubwa inaijaza reli na maji yanashukia ukuta wa ndani. Hapo watu wanamlaumu aliyefunga dirisha, wanaita mtu aongeze silikone nje, na huyo anayaziba kabisa matundu yenyewe! Fundi ayafungue kwa kijiti, si kwa msumari, kisha amwage kikombe cha maji kwenye reli. Yanatakiwa kutoka nje palepale. Yakisimama, kazi haijaisha.

Wavu wa mbu utolewe kabla kioo hakijaguswa, ulazwe juu ya sakafu safi na kupigwa brashi laini yenye sabuni. Ukiusugua umesimama, mkono unausukuma mpaka unachomoka kwenye kamba ya mpira inayoushika. Kuutoa na kuurudisha kuwe ndani ya bei. Kuuosha, mnapatana.

Nako nisingeiweka kwenye usafi wa kawaida kwa maana ya kutoa kila bapa. Aoshe yakiwa mahali pake, mabapa yamefunguliwa yakalala, mkono mmoja ukilishika bapa kwa chini. Kulitoa ni kuinua kijiulimi cha kishikio cha alumini, na alumini inayokunjwa mara nyingi inakatika. Kishikio kikishakatika, siku moja mtu anafungua dirisha na bapa linamwangukia.

Mama_Keshero

Alu, nako ya chumba cha kulala nakubaliana nawe. Ya jikoni hapana. Moshi wa makala (makaa) na mvuke wa mafuta vinagandisha vumbi kwenye ncha za bapa, ndani ya kishikio kabisa, na ukiosha bapa likiwa mahali pake unaisukuma ile nyeusi iingie zaidi. Baada ya miezi kadhaa bapa limeshikana na alumini, na anayekuja kulitoa ndiye anayelivunja. Bora kutoa mara kwa mara, kijiulimi kikiinuliwa kidogo tu, kuliko mara moja kwa nguvu. Maji ya moto na sabuni, dakika 15 ndani ya beseni, chini pametandikwa taulo.

Na wanaosema gazeti lisiguse kioo wanalionea. Ndani ya nyumba, kioo kikiwa kimeshaoshwa na hakina chembe, gazeti lenye unyevu kidogo linang'arisha vizuri. Nje, hapo ni kweli, kamwe.

Alu_Ndosho

Ya jikoni sawa, Mama, umeshinda. Ila atoe bapa moja, aoshe, arudishe, ndipo atoe la pili. Mabapa yakichanganyika kwenye beseni moja utakuta lililokatwa fupi kidogo limeingia mahali pasipo pake na halikai.

Tangi_la_Mvua

Nijibu madoa meupe, maana wembe si jibu.

Robine (bomba) ya bustani inatoa maji yaliyovutwa ziwani. Maji ya Kivu yana pH karibu 9 na chumvi nyingi iliyoyeyuka, magnesi hasa. Tone likikauka juu ya kioo maji yanaondoka, chumvi inabaki. Kama anayemwagilia bustani anarusha maji mpaka madirishani kila jioni, unapata ukoko, doa juu ya doa, na sabuni haiuwezi. Hata fundi hodari atakuachia madoa hayohayo akiosha kwa maji ya bomba na kuacha kioo kijikaukie chenyewe. Ama akaushe kila tone kwa raklete na kitambaa, ama asuuze mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Maji ya tangi yachotwe kwa robine yakiwa yametulia, si yale ya chini kabisa yenye mchanga wa bati, wala si ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi, hiyo inaosha paa.

Kuyatoa: siki nyeupe nusu, maji ya mvua nusu. Lowesha karatasi ya chooni, ibandike juu ya doa ili siki isitiririke, iache dakika 10, sugua kwa sifongo laini, suuza kwa maji mengi. Rudia mara moja. Jiwe la lava la ukuta wako halitadhurika na siki, ila simenti iliyo kati ya mawe inaliwa, kwa hiyo lowesha ukuta kwa maji kabla. Mara mbili na doa halijapungua hata kidogo, basi hakuna tena cha kutoa, kioo chenyewe kimeliwa. Hilo hutokea sana chini ya ukuta mpya: maji ya mvua yanayopita kwenye simenti changa yana alkali kali, na yakilala wiki kadhaa juu ya kioo yanakitafuna. Hapo ni kupiga polishi ya kioo kwa mashine au kubadilisha kioo. Wembe utaongeza mikwaruzo juu ya ugonjwa.

Wembe una kazi yake: tone la rangi, gundi. Uwe mpya, kioo kiwe kimelowa sabuni, usukumwe upande mmoja tu na uinuliwe kabla ya kurudi, maana chembe inayonaswa chini yake ndiyo inayochora wakati wa kurudi. Kwenye kioo chenye filamu ya giza, hapana kabisa. Na fundi akitoa chupa ya asidi ya choo, mwambie airudishe mkobani. Alumini inababuka madoadoa ambayo hayarudi.

Parsele_Himbi

Aksanti sana. Kumbe bustani ndiyo yenye kosa, robine iko hatua tatu kutoka dirishani. Vioo viwili vya eskalye viko kama mita 5 kutoka chini upande wa nje, na waya wa umeme unapita karibu. Hivyo vimo kwenye bei ya kawaida? Na nikague vipi kabla ya kulipa?

Raklete_Katindo

Havimo. Kioo kinachodai ngazi ndefu kiandikwe mstari wake kwenye devi (karatasi ya makadirio ya bei), hivyohivyo vilivyo nyuma ya antivole, kwa sababu muda wake ni karibu mara mbili. Ngazi inayofika mita 4 ukutani, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Ardhi ya Himbi ni mawe yanayocheza, kwa hiyo ubao mpana uwekwe chini ya miguu, na mtu wa pili aishike. Kwa sababu ya waya, asilete mti mrefu wa alumini wala ngazi ya chuma. Waya ukiwa chini ya mita 3 kutoka dirishani, upande huo wa nje usioshwe mpaka umeme ukatwe, hata akikuambia amezoea.

Kukagua, simama pembeni ya kioo, jicho karibu na ukuta, tazama kwa mlazo. Ukitazama mbele yake kila kioo ni kisafi. Usiku tumia tochi ya simu vilevile. Angalia kona za chini mbili, maji hupenda kubaki pale. Pitisha kidole kwenye reli, sukuma dirisha mara mbili. Kisha rudi baada ya nusu saa, kwa sababu maji yaliyofichwa kwenye mpira wa fremu hushuka baadaye na kuchora mstari. Huo fundi anaufuta bila kudai kitu.

Ratiba yangu ingekuwa upande wa barabara kila wiki mbili wakati wa kiangazi, upande wa ziwa mara moja kwa mwezi. Na andikeni kabisa kwamba volkano ikitupa majivu, mpango wa kawaida unasimama. Majivu hayapanguswi, yanasuuzwa kwa maji mengi, fremu na reli zikifagiliwa kwanza, na muda wake unahesabiwa upya. Msiyaache yakae pia, yakipata umande yanakuwa na asidi.

Mama_Keshero

Ongeza moja: mikwaruzo iliyopo. Pita naye dirisha kwa dirisha, kila kioo chenye mkwaruzo au ufa upige picha na simu, yeye akiwa amesimama hapo, kabla ndoo haijatiwa maji.