Browning ya trap ya marehemu baba mkwe: mama aiuze kwa bei gani?

mkwe_minnesota

Wakuu, habari zenu. Baba mkwe wangu alitutoka majira ya baridi na ameacha shotgani aliyokuwa akishindania trap, ule mchezo wa kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Ni Browning Superposed, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), mtutu juu ya mtutu, urefu inchi 32. Juu yake kuna ukanda mpana isivyo kawaida, umechanjwa vijimistari ili mwanga usimulike jicho la mlengaji. Imeandikwa kwamba ni ya Ubelgiji, na namba yake inaishia na S9. Nakshi zipo kidogo, maua na majani tu. Kitako kiliwahi kukatwa kikawekwa raba nene, maana mzee alikuwa mfupi.

Mwenye duka mmoja hapa mjini ametaja dola 600 bila hata kuikunja mitutu. Mtandaoni kuna mtu anaitaka 4,500 kwa inayofanana nayo. Mama mkwe hajui chochote cha bunduki. Sitaki adhulumiwe, na wala sitaki kijana wa klabu atakayeinunua auziwe kitu kibovu. Nianzie wapi?

mama_wa_sahani (Ohio)

Pole sana kwa msiba, mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuuza.

Ukanda huo mpana unaniambia ni Broadway Trap, toleo la Superposed la mchezo huo wa visahani. Hiyo S9 ni mwaka wake, 1969, na mwaka huo ndio unaonifanya nikuombe uchukue bisibisi kabla ya kuwaza bei. Miaka ya mwisho ya 60 hadi mwanzoni mwa 70, mbao za walnati zilihitajika kwa wingi na kwa haraka, basi magogo yakakaushwa kwa chumvi. Chumvi ikabaki ndani ya mbao, ikawa inavuta unyevu na kukila chuma pale kinapogusana na kitako. Si zote zilizopatwa, na kampuni ilibadilisha vitako vingi, lakini mnunuzi yeyote anayejua atauliza.

Fungua skrubu mbili za raba ya nyuma, taratibu. Zikitoka na kutu nyekundu ya ungaunga, simama hapo. Zikitoka safi, mpelekee fundi wa bunduki akitoe kitako chenyewe, usijaribu mwenyewe, kisha aangalie chuma kilichofichwa. Wengine huweka tone la nitrati ya fedha kwenye mbao isiyo na vanishi: likigeuka jeupe, kuna chumvi.

Halafu angalia mkono wa kufungulia mitutu. Bunduki ikiwa changa unalalia kulia; kadiri inavyochakaa unasogea katikati, kisha kushoto. Itoe mbao ya mbele, ifunge, uitikise. Ikichezacheza, kuna gharama ya fundi, na gharama hiyo inatoka kwenye bei.

Ya 4,500 isahau. Hiyo ni bei anayoiomba mtu, na kuomba si kuuza. Ingia kwenye minada kama GunBroker, utafute zilizokwisha kuuzwa tu.

mtoto_wa_Bukavu (Liège)

Ndugu, pole. Mimi naishi karibu kabisa na Herstal, kule ilikotengenezwa. John Browning mwenyewe alifia hapa kiwandani mwaka 1926, bunduki hii ikiwa ndiyo kazi yake ya mwisho, na mwanawe Val akaimalizia. Ilianza kuuzwa 1931.

Angalia chini ya mitutu, ukishatoa mbao ya mbele. Utakuta mhuri wa duara la yai lenye herufi ELG. Huo ni wa nyumba ya majaribio ya Liège. Hakikisha pia namba ya mitutu na ya mwili ni ileile. Na kama pana jina la mchonga nakshi, andika hapa. Kwenye madaraja ya juu kama Pigeon, Diana na Midas jina hilo linaongeza bei. Kwa maua machache uliyoyasema nadhani ni daraja la kwanza, yaani la chini kabisa, lakini angalia tu.

mkwe_minnesota

Asanteni sana. Skrubu zimetoka kavu, weusi wake bado upo hadi kwenye meno. Fundi amekivua kitako leo mbele yangu: chuma safi, mafuta ya zamani tu yameganda kama nta. Mkono bado uko kulia kidogo. Namba zinalingana. Jina la mchongaji hakuna.

mama_wa_sahani (Ohio)

Alhamdulillahi. Sasa tunaweza kuzungumza.

Za daraja la kwanza ambazo hazijaguswa nimeona zikifungwa kwenye dola 1,500 hivi, nyingine juu kidogo. Ya kwenu kitako kimekatwa, na mbao iliyokatwa hairudi, kwa hiyo mkusanyaji hataitaka. Ningeianzisha 1,300 na nisingeshuka chini ya 1,100. Bunduki za trap ni nzito, zimebanwa midomo, hazimfai mwindaji wa kwale. Ndiyo maana bunduki ya geji 20, iliyo nyepesi, ya miaka ileile huwa ghali zaidi ingawa hii ilikuwa na kazi ngumu zaidi.

Mtafute mnunuzi klabuni kwa mzee. Wapo akina mama na vijana wafupi wanaohangaika na vitako virefu, na kwao kile kilichokatwa ni faida. Mwambieni wazi kwamba kimekatwa na kwamba fundi amekikagua; mwombe fundi aandike hivyo kwenye karatasi, na uzipige picha zile skrubu.

Mnunuzi akiwa wa jimbo jingine, msimtumie mkononi. Lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni upande wake.