Naomba ushauri: mdogo wangu adai mishahara kwanza au asaini kwingine?

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu anacheza kikapu cha kulipwa nje, namba tano (senta, yule mrefu wa chini ya goli), ana miaka 31. Misimu saba, timu sita. Goti likivimba tu, wiki hiyo hiyo anatafutwa mwingine. Klabu ya mwisho, huko Ulaya, ilimpa nyumba na nauli ila mishahara ya miezi miwili kimya mpaka leo.

Mkataba una kipengele cha BAT, baraza la usuluhishi la FIBA (shirikisho la kikapu duniani) lililoanza 2007. Klabu ikikaidi uamuzi, FIBA inaweza kuifungia kusajili. Shida ni ada, inatangulia na hairudi.

Sasa kuna ofa ya Taiwan, alikopita Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyecheza NBA. Wakala (wa tatu huyu!) anamwambia asaini, asahau deni. Aliyewahi kudai BAT, ilichukua muda gani?