MALALAMIKO: Mwongozo wa ufahamu wa ukame umeandikwa na mtu asiyejua mhogo mchungu

Walimu wa Kiswahili wa Malindi na Magarini, na wazazi mliomo humu, hili haliwezi kupita kimya. Karatasi ya pili ya mtihani wa majaribio iliyozunguka shule zetu muhula huu ina kifungu cha ufahamu kutoka tawasifu ya mkulima. Kifungu chenyewe hakina kosa. Mzee anakumbuka utoto wake mwaka wa kiangazi kikali: mahindi yanafia kondeni, chakula kinapunguzwa nyumbani, mwishowe wanakimbilia mihogo. Kilichooza ni mwongozo wa kusahihisha. Alama 15 za watoto wetu zimeamuliwa na watu ambao, kwa majibu waliyoyaandika, hawajui konde wala hawakukisoma kifungu hadi mwisho.

Tazameni swali la (d). Msimulizi anasema mama yao aliwachapa mikono walipojaribu kuchukua mihogo kabla ya siku ya nne. Swali linauliza sifa ya mama. Jibu la mwongozo: "mkatili" au "mchoyo". Mtahiniwa aliyeandika kwamba mama ana tahadhari na anawalinda wanawe amekula sufuri.

Sasa rudini sentensi mbili nyuma. Mihogo imeshamenywa, imo mtungini, maji yametoka povu na yananuka. Mtoto yeyote wa Marafa anajua hapo kinachofanyika: huo ni mhogo mchungu, unavundikwa. Una sumu ya sianidi, na ukame huizidisha kwenye mizizi, kwa hiyo mwaka wa njaa ndio mwaka wa hatari. Kuuchemsha tu hakutoshi. Humenywa, ukatiwa majini siku tatu au zaidi mpaka ubonyee kwa kidole, maji yakamwagwa, ukatolewa nyuzi, ukakamuliwa, ukavunjwavunjwa na kuanikwa juani hadi ukauke kabisa. Ndipo unatwangwa unga wa sima. Njaa humfanya mtu afupishe siku hizo, na hapo ndipo maafa huingia. Mkoani Nampula, Msumbiji, ukame wa 1981 uliacha watu zaidi ya 1,000 wamepooza miguu, wengi wao watoto na wanawake, kwa kula mhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha. Mama wa kwenye kifungu anawazuia wanawe wasifikwe na hayo, na sisi tunawafundisha watahiniwa kumwita mkatili!

Swali la (b) nalo ni aibu. Linauliza kwa nini mvua iliyorudi Julai haikuwafaa wakulima. Mwongozo unasema ilikuwa nyingi ikasomba mazao. Mafuriko hayo yametoka wapi? Hayamo kifunguni, hata kwa kudokezwa. Msimulizi ameeleza kwamba walipanda Aprili, na mvua ikakata mwishoni mwa Mei mahindi yakitoa mbelewele, yale maua ya dume ya kileleni. Mwenye kulima anaishia hapo, jibu ameshalipata. Mbelewele humwaga unga wake kwa siku chache tu, na unga huo lazima uangukie ndevu za hindi ndipo punje zishike. Hindi lenye kiu huchelewa kutoa ndevu, na zikitoka, unga umekwisha au umekaushwa na jua. Punje hazishiki. Mvua ikirudi baada ya hapo, majani yatarudi kijani na shamba litapendeza ukilitazama kutoka barabarani, lakini ukimenya ganda unakuta gunzi lina punje mbili tatu kama meno ya kibogoyo. Jibu ni kwamba mvua ilikuja baada ya wakati wake. Kifungu kinataja hata hayo magunzi matupu. Mtunzi ameyaruka.

Kwenye msamiati wameandika kwamba "pishi" ni chombo cha kupikia. Pishi ni kipimo, vibaba vinne. Msimulizi anaposema walitoka pishi moja kwa siku wakashuka hadi kibaba, anasema chakula cha nyumba kilibaki robo. Hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika kifungu, nao wameigeuza sufuria.

Swali la toni nitaligusa tu. Wamekubali "huzuni" peke yake. Tawasifu ina "mimi" wawili: mtoto anayelia njaa na mzee anayekumbuka. Mtoto anamchukia mama kwa ile mihogo, mzee anamshukuru. Aliyeandika "shukrani" na akaonyesha mstari apewe alama yake.

Jopo lililotunga mtihani huu lina kazi ya kufanya. Kila jibu la mwongozo liwekewe namba ya mstari kifunguni. Lisilo na mstari wala dokezo lifutwe. Kifungu cha kilimo kipitiwe na mwalimu wa kilimo, au mkulima, kabla hakijapigwa chapa. Hao hawakosekani, na ni kazi ya nusu saa. Pia acheni kukata nusu alama kwa mtoto aliyeandika "konde" badala ya "shamba" au "sima" badala ya "ugali". Hayo si makosa ya hijai, ni Kiswahili, na yamo kamusini.

Kwa mnaosahihisha wikendi hii: (b) kubalini "mvua ilichelewa" kwa maneno yoyote yale, na (d) kubalini tahadhari, malezi, busara, upendo. Mlizokwisha kusahihisha zifungueni tena kabla hazijarudishwa darasani Jumatatu. Na mwenye mwongozo wenye majibu tofauti na haya auweke hapa chini, ukurasa mzima, tuulinganishe mstari kwa mstari.